Kopo la Sita

Vijana wa chumba cha machujio, mmenisumbua tangu wiki ile niliyokabidhi funguo. Mnataka niandike jinsi kazi ya kuchuja maji ya jibini ilivyoanza huku kwetu, kabla ya mitambo yenu yenye taa za kijani. Haya, naandika. Vyeo nilivyopanda na mshahara niliolipwa sitavigusa. Vyeo vilichelewa na mshahara ulikwisha. Nitaandika yale niliyoyashika kwa mikono yangu, pamoja na siku tatu ambazo niliogopa kuliko siku nyingine zote nilizoishi. Mitambo mnayo tayari. Hofu ndiyo siioni kwenu, na bila hofu sijui mtafanyaje kazi hii.

Niliingia kiwandani nikiwa na miaka ishirini na miwili, msichana wa Kimatengo niliyekulia kwenye mashamba ya ngoro, yale ya mashimo ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, juu ya Mbinga, na mashine niliyoifahamu ilikuwa moja tu, ya kukobolea mahindi. Kiwanda kilikuwa cha misheni: vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, tanuri la kuni, na umeme wa maporomoko ya mto uliofifia kila mara mtu alipopiga pasi. Tulitengeneza jibini. Ukigandisha ndoo kumi za maziwa, jibini utakayopata haizidi uzito wa ndoo moja. Kinachobaki ni maji ya rangi ya njano iliyochanganyika na kijani, yenye uchachu mdogo, na miaka mingi maji hayo waliyanywa nguruwe. Walinenepa sana. Baadaye Sista msimamizi akaletewa makasha ya mitambo iliyokwisha kutumika ng'ambo, akatuambia kwamba ndani ya maji yale mna kitu cha kujenga mwili, na kwamba kule chini ziwani wapo watoto wa utapiamlo wanaokihitaji kuliko nguruwe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Hyera, mpokeaji wa maziwa. Siku ya kwanza nilimkuta mlangoni akiwa ameinama juu ya keni, macho ameyafumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kazi unaijua?"

"Hapana, mzee."

"Vizuri. Wanaoijua wamenichosha."

Alininusisha kila keni iliyoingia asubuhi hiyo. Ya ng'ombe aliyekula majani ya maboga, ya ng'ombe mwenye kiwele kinachouma, ya mama aliyeosha chombo kwa maji ya mtoni. Kufikia mchana kichwa kilikuwa kinagonga na nilikuwa nimekosea karibu zote. Hakunisifu wala hakunikaripia. Alinipa kipande cha jibini, akaniambia nije kesho.

Chujio lenyewe nilifundishwa mwezi wa pili. Maji ya jibini yalipitishwa kwanza kwenye kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara nne, ili kunasa vipande vya jibini. Kisha yalizungushwa kwenye mashine ya kutenga krimu, kwa kuwa mafuta huziba utando wa chujio. Kisha yalipashwa moto na kupozwa. Ndipo pampu ilipoyasukuma kwenye mabomba ya chujio, yenye utando mweupe ndani ambao matundu yake hayaonekani kwa jicho. Maji, sukari na chumvi hupenya pembeni. Protini, kwa kuwa ni kubwa, hubaki na kuzunguka tena na tena mpaka maji yawe mazito kama uji mwepesi. Hapo tuliongeza maji safi na kuchuja upya, kuisuuza sukari iliyosalia. Uji ule ulipanda kwenye mnara wa bati, ukanyunyizwa juu kama ukungu, hewa ya moto ikaukausha, na chini ukadondoka unga. Tuliuchekecha, tukaujaza kwenye makopo.

Nawaandikia hivi kwa sababu mnabonyeza vitufe na hamuoni kinachotendeka. Sisi tulisikiliza. Pampu ikianza kukohoa, utando umeziba. Utando ukikauka umekufa, hata ukiulilia. Na mnara ule ulinitisha kila siku: unga ukiganda ukutani kwenye joto lile huungua, na ukiungua hulipuka. Nilisimama karibu na ndoo ya maji kama mlinzi wa benki, nikihesabu dakika.

Lakini lililonitisha zaidi ni neno la Mzee Hyera. Siku moja nilimwambia kwamba kwa chujio dogo namna hii, uchafu hauna pa kupita.

"Filomena," alisema, "chujio halijui kizuri wala kibaya. Linajua kikubwa na kidogo tu. Kibaya ni kazi ya mlangoni."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Mliozaliwa juzi mnadhani maduka yalikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia. Zamani dawa ya kupulizia kahawa ililetwa na chama cha ushirika, imefungwa, na bwana shamba akikuonyesha namna ya kuitumia. Chama kilipolegea, dawa zikaanza kuuzwa gulioni, zimepimwa kwenye chupa za soda, na aliyeuza leo alikuwa akiuza kandambili jana. Nguo zilipatikana, redio zilipatikana, sabuni ikapatikana, tukashukuru. Vilevile yakapatikana madumu. Kila chombo cha plastiki kilichomaliza kazi yake mahali fulani kilisuguliwa na kuuzwa. Na kwa kuwa keni za bati za ushirika zilikuwa zimetoweka moja baada ya nyingine, wafugaji wakaanza kutuletea maziwa kwenye madumu. Mzee Hyera aliwarudisha. Walilalamika, wengine wakaacha kuja kabisa, na Sista akaanza kuhesabu keni kila asubuhi akiwa amekunja uso.

Wiki ile Mzee Hyera alikwenda Litembo kumzika kaka yake. Nikaachwa mlangoni.

Jumatatu asubuhi alikuja Baba Kinunda, mfugaji wa ng'ombe wawili, mtu mpole aliyekuwa akisali kanisa moja na mama yangu. Alibeba madumu mawili kwenye mti begani, na mvua ilikuwa imemlowesha mpaka kwenye mifupa.

"Keni yangu imetoboka, mwanangu," alisema. "Haya nimeyanunua juzi. Nimeyaosha kwa majivu na mchanga mara tatu."

Nilifungua la kwanza, nikanusa. Lilikuwa salama. La pili nilipolifungua kulikuwa na kitu. Kidogo sana, mbali, kama unapopita nje ya stoo ya dawa za kahawa mlango ukiwa umefungwa. Nikainua kichwa.

"Umetoka kupuliza kahawa, baba?"

"Jana. Na koti ni hilihili."

Nikaliangalia koti. Nikamwangalia yeye, miguu imejaa tope, alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nikamfikiria Sista na uso wake. Nikajiambia: ni koti. Nikamimina.

Nimeyaandika hayo polepole kwa sababu mkono hautaki. Hakuna aliyenilazimisha. Pua iliniambia, nami nikaitafutia sababu ya kukosea.

Mchana tuligandisha, jioni tukachuja. Uji uliobaki tuliuchanganya na wa siku zilizopita, na Jumanne asubuhi tukaukausha. Yalipatikana makopo sita. Saa sita lori la misheni lililokuwa linashuka ziwani kuchukua usipa, dagaa wa kule, likayabeba, kuyapeleka kwenye zahanati ndogo ya ufukweni, si mbali sana na Mbaha. Maji yaliyopenya chujio yalibaki kwenye pipa, kwa kuwa nguruwe walikuwa bado na maji ya Jumapili.

Jumatano asubuhi, muda mfupi baada ya kuwapa nguruwe maji ya lile pipa, Otmari, mtunza nguruwe, alikuja mbio mpaka mlangoni. Otmari hakuwa mtu wa kukimbia.

"Dada Filo, njoo uone. Wanatetemeka."

Watatu walikuwa chini. Povu liliwatoka mdomoni kama sabuni, miguu ikipiga hewa, na mmoja alipojaribu kusimama miguu ya nyuma ilikataa. Mzee Hyera alikuwa amerudi asubuhi hiyohiyo, bado kavaa suti ya msibani. Hakuwaangalia nguruwe sana. Alikwenda kwenye pipa, akainama, akafumba macho.

"Nani alipokea Jumatatu?"

"Mimi, mzee."

"Kwenye chombo gani?"

"Dumu."

Nilingoja anipige. Angenipiga ningepata nafuu. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini:

"Unga uko wapi?"

Otmari ndiye aliyesema: "Umeshuka ziwani jana."

Sista aliita zahanati kwenye redio ya misheni mara mbili, mara tatu. Hapakujibiwa. Betri yao ilichajiwa kwa jua, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa siku ya nne. Basi Otmari akawasha pikipiki, nami nikapanda nyuma na kanga yangu kichwani. Ilikuwa saa tatu.

Barabara ile ya kushuka ziwani mnaijua ilivyo leo. Wakati ule wa masika ilikuwa mfereji. Mara mbili tulianguka, mara nyingi nilishuka kusukuma. Sikusikia maumivu yoyote. Kichwani nilikuwa nahesabu: unga ulifika jana jioni, watoto wa wodi hupewa uji saa moja asubuhi, saa moja imepita, sasa ni saa tano, wa mchana wanapewa saa saba. Nilihesabu na kuanza tena, kama mtu anayesali rozari bila Salamu Maria. Kila tulipokutana na mtu anayepanda kutoka ziwani nilimtazama usoni, nikitafuta habari ya msiba.

"Kaka Otmari, kimbiza."

"Nikikimbiza utafika wewe bila mimi," alisema, "na wewe huwezi kuendesha."

Ziwa likatokea, kubwa na la kijivu. Saa nane kasoro robo tulikuwa zahanati. Nesi Eunike, Mnyasa wa makamo, alikuwa anafua mashuka uani. Hakupata hata salamu yake.

"Unga! Nesi, ule unga wa jana, umewapa watoto?"

Alinitazama tope lote lile, akanyoosha mkono kuonyesha stoo. "Bado namalizia kopo la zamani. Kuna nini?"

Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni. Otmari akaingia stoo, nikamsikia akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Yalikuwa sita," alisema akitoka.

Nesi Eunike aliweka shuka chini taratibu. "Moja nilimpa Mama Agnesi. Mtoto wake alikuwa ameanza kunawiri, nikamruhusu jana jioni. Wanakaa ng'ambo ya ule mwamba, mwendo wa saa moja na nusu."

Nilimweleza: dumu, harufu, nguruwe. Alinisikiliza mpaka nilipotaja povu la mdomoni, kisha akaingia ndani na kutoka na mkoba. "Atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, ninazo chupa nne," alisema. "Tuombe zitoshe." Mawimbi yalikuwa makubwa, mtumbwi haukufaa. Tulikwenda kwa miguu, Nesi mbele, akiwa amekunja gauni jeupe mpaka magotini.

Njia ilipita juu ya mawe yenye utelezi, kisha mashamba ya mihogo, kisha mchanga. Nilimsikia mtoto analia kabla sijaiona nyumba. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Analia, basi anapumua. Nikaanza kukimbia, nikampita Nesi.

Agnesi alikuwa amekaa mlangoni, mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye shingo nyembamba, analia kwa njaa na hasira. Macho yake yalikuwa makavu na makali, hakuna mate, hakuna kutetemeka. Kando yake, kopo langu limefunguliwa. Ndani ya nyumba, juu ya mkeka, mama yake alikuwa amelala kiubavu, jasho limemlowesha, mate yakimtiririka, misuli ya shavu ikirukaruka peke yake.

Nesi Eunike alipiga magoti, akamfungua jicho. "Mboni zimekuwa kama tundu la sindano," alisema. "Mshike mkono. Mshike sana."

Alimchoma sindano ya kwanza. Tukangoja. Ya pili. Mama Agnesi alikoroma kama mtu anayezama. Nilimshika mkono nikausikia ukitetemeka ndani ya wangu, nikawakumbuka wale nguruwe, nikajichukia kwa kuwakumbuka. Nesi alikuwa akimgusa ulimi kwa kidole kila mara, akinong'ona, "Ukauke, ukauke." Ya tatu. Nilitazama mkoba: imebaki moja. Nje, Otmari alikuwa amempakata mtoto na kumlisha muhogo uliochemshwa wa jirani, akiutafuna kwanza kuulainisha.

Baada ya ile ya tatu mate yalipungua. Kisha yakakoma. Kifua kilianza kupanda na kushuka kwa utulivu, na Nesi Eunike akakaa chini, akajifuta uso kwa pindo la kanga yangu bila kuniomba. Mawimbi yalipotulia jioni ile kabla jua halijazama, majirani walimbeba Mama Agnesi na mtoto kwa mtumbwi mpaka zahanati. Sisi tulibeba kopo.

Nilikaa pale siku mbili. Siku ya pili aliweza kuketi, na Nesi akamweleza yaliyotokea. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, sijui niingie au nikimbie.

"Mbona hukumpa mtoto?" Nesi alimuuliza.

"Unga ulikuwa na harufu," alisema Mama Agnesi. "Nikafikiri labda dawa za kizungu ndivyo zinavyonuka. Nikasema nitakunywa mimi kwanza, kikombe kizima, nikiamka salama nitampa." Akanigeukia. "Nani aliupika unga ule?"

"Ni mimi, mama."

"Ulijua?"

"Nilisikia harufu. Nikajidanganya kwamba ni ya koti."

Sikuona hasira machoni mwake, na hilo lilikuwa zito kuliko hasira. Akamvuta Agnesi kifuani.

"Sasa mtoto wangu atakula nini?"

Nilipanda mlima na swali lake.

Kiwandani nguruwe watatu walikuwa wamekufa, na jibini ya Jumatatu ilikuwa imefukiwa kwenye shimo la chokaa. Baba Kinunda alikuwa ameleta lile dumu mwenyewe. Chini, palipokuwa na karatasi iliyobanduliwa, bado ilionekana nusu ya mchoro wa fuvu. Alilia mbele ya Sista kama mtoto. Nyumbani kwake, alisema, hawakuyaonja maziwa yale kwa kuwa walikuwa wameleta yote. Nikamwambia Sista kwamba kosa si la Baba Kinunda peke yake, kwamba mimi nilinusa na nikamimina. Alinisikiliza, akaniambia nirudi kazini, na mabomba yote ya utando yakatolewa na kutupwa. Tulikaa wiki kadhaa bila kuchuja, mpaka yalipofungwa yale ya akiba.

Siku tuliyoanza upya, Mzee Hyera alinikabidhi ufunguo wa mlango wa kupokelea maziwa.

"Kuanzia leo utapokea wewe."

"Mzee, naogopa."

"Ndiyo maana."

Nililirudisha kila dumu. Nilirudisha na keni nzima zilizonitia wasiwasi, na wapo waliokuwa sahihi na bado nikawarudisha, na mpaka leo wengine hawanisalimii. Unga wa kwanza uliposhuka kutoka mnarani niliunusa mara ishirini. Nilimnywesha nguruwe, nikamlinda siku mbili. Ndipo nikaomba ruhusa, nikalibeba kopo moja mwenyewe mpaka ziwani.

Mama Agnesi alikuwa anageuza usipa kwenye mchanga. Alinikaribisha kigoda, akamleta mtoto. Agnesi alikuwa amekonda tena, mbavu zilihesabika. Nililiweka kopo chini, nikaanza kueleza: mabomba mapya, nguruwe, siku mbili. Aliniacha nimalize. Akaingia ndani, akatoka na kikombe na maji ya moto, akaukoroga unga mwenyewe, mzito.

"Kunywa wewe kwanza," alisema.

Niliuamini unga ule kuliko nilivyoamini kitu chochote nilichowahi kukitengeneza, na bado uji ulinimwagikia kwenye kidole. Nilikunywa mpaka chini. Akakaa mbele yangu, mikono magotini, akinitazama. Kivuli cha nyumba kilitoka miguuni mwangu kikafika kwenye usipa. Nilisikiliza tumbo langu, misuli yangu, ulimi wangu. Kila jasho lilipotoka nilijiuliza kama ni jua.

Mwishowe aliinuka, akanishika kidevu, akayageuzia macho yangu kwenye mwanga na kuchunguza mboni, jicho moja baada ya jingine, kama alivyofanyiwa yeye.

"Haya," alisema.

Akakoroga kikombe cha pili, akakipuliza, akampa mtoto. Agnesi alikishika kwa mikono miwili na hakukiachia mpaka kilipokwisha, kisha akakinyoosha kwangu, anataka kingine.

Mama yake alilisogeza kopo mbele yangu.

"Na hicho kingine pia," alisema, "anza wewe."